Somo juu ya Kraki za Kompyuta, Madhara Yake, na Njia za Halali Zilizo Badala Yake

Yapasa ijulikane kuwa mali ni namna mbili. Iko mali ya kushikwa kwa mkono, kama gunia la mpunga, na jembe, na ng'ombe. Na iko mali isiyoshikika, nayo ni kazi ya akili ya mtu, aliyoitunga kwa taabu akaitoa kwa watu kwa masharti. Mwizi wa mali ya kwanza hujulikana na kila mtu, na watu humpigia kelele njiani. Ama mchukuaji wa mali ya pili, aghlabu hapigiwi kelele. Huitwa fundi, na hulipwa ujira wake kwa shukrani.

Somo hili lahusu sehemu moja ya mali hii ya pili, nayo ni programu za kompyuta, na vile viprogramu vya kuzifungua bila ya idhini ya wenyewe, ambavyo watu huviita kraki. Msomaji atajua kwa somo hili kraki ni nini, madhara gani yamekwisha kuonekana, sheria na wanavyuoni wamesema nini, na mtu asiye na fedha nyingi afanyeje ili apate haja yake kwa halali.

Wala asidhani mtu kuwa haya ni mambo ya miji mikubwa tu. Igawa ni mji mdogo wa wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, juu ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam, ikapita Iringa na Makambako, kwenda Mbeya hata Tunduma. Ni nchi ya mpunga, katika bonde la Usangu. Na katika miji kama huu, njia nzima, yako maduka ya steshenari. Humo kijana huskani vyeti vyake vya shule, mwanafunzi huomba mkopo wa chuo, mkulima huchapa mkataba wa kukodi majaruba, na mwalimu wa madrasa hutoa kopi za masomo. Kompyuta ya duka aghlabu ni moja, nayo ilikwisha kutumika kwa watu wengine kabla ya kufika hapo. Lakini ndani yake zimo siri za watu wa mji mzima.

FASILI YA 1: MAANA YA PROGRAMU NA LESENI

Kompyuta peke yake ni chombo kisichojua kitu. Programu ndiyo maagizo yaliyoandikwa na watu, yanayokiongoza chombo kufanya kazi. Windows, ya kampuni ya Microsoft ya Marekani, huendesha chombo chote. Word, ya kampuni hiyo hiyo, ni ya kuandikia. Na Photoshop, ya kampuni ya Adobe, ni ya kutengenezea picha.

Anunuaye programu za namna hii hanunui programu yenyewe, anunua ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo ndiyo leseni. Mfano wake ni mtu aliyekodi jaruba kwa msimu mmoja: ana haki ya kulima na kuvuna, wala hana haki ya kuliuza, wala kuwakodisha wengine bila ya kumwuliza mwenyewe.

Ili programu ijue kuwa mtumiaji ana leseni, hutaka ufunguo. Kwa Windows ufunguo huo ni herufi na tarakimu 25. Kompyuta huupeleka kwa mwenye programu kwa njia ya intaneti, naye akiukubali, programu hufunguka. Tendo hilo mafundi huliita kuaktiveti.

FASILI YA 2: NAMNA KRAKI IFANYAVYO KAZI

Makampuni na vyuo vikubwa vina kompyuta nyingi, na ni taabu kuingiza ufunguo katika kila moja. Kwa hiyo Microsoft iliwawekea njia yao, iitwayo KMS. Kompyuta moja ya ofisi hufanywa mdhamini wa zile nyingine, nazo huuliza kwake badala ya kuuliza Marekani. Sharti yake ni kuwa kompyuta za Windows zisipungue 25. Na kila kompyuta hupewa hati ya siku 180, nayo hujaribu kuihuisha hati hiyo kila siku 7.

Basi watu wa hila wakatengeneza viprogramu kama KMSPico na KMSAuto. Kazi yake ni kuweka mdhamini wa uwongo ndani ya kompyuta ile ile. Kompyuta huuliza kama ina ruhusa, na jawabu hutoka tumboni mwake yenyewe kuwa ruhusa ipo. Ni sawa na mtu aliyechonga nyumbani kwake muhuri wa serikali ya kijiji, kisha akawa anajigongea hati.

Na katika kutia kraki yako mambo mawili ambayo kila mwenye akili yapasa ayatazame. La kwanza, mtumiaji huambiwa azime kinga ya kompyuta, yaani ile antivairasi, kabla ya kuanza. La pili, huambiwa aipe kraki mamlaka yote ya chombo. Je, mwenye ghala angekubali lau mgeni angemwambia usiku: Mlaze mlinzi wako, kisha unipe funguo zote, nami nitakutengenezea kufuli bure? Hakuna mwenye ghala atakayekubali neno hilo. Lakini wenye kompyuta hulikubali kila siku.

Mafundi husema kuwa antivairasi hupiga kelele kwa sababu ile ni kraki tu, wala si virusi. Yamkini kraki moja iwe haina virusi ndani yake. Walakini mtumiaji hana njia ya kuitambua iliyo safi na iliyo chafu, kwani zote mbili hulilia jambo lile lile, nalo ni kuzimwa kwa kinga. Aliyeitengeneza hana jina wala duka wala anwani, na jina la kraki moja huonekana katika kurasa nyingi za intaneti, kila ukurasa ukidai kuwa ndio wa asili. Mwenye kudhurika hana wa kumshitaki.

FASILI YA 3: KHATARI ZILIZOTHIBITI

Haya yafuatayo ni mambo yaliyokwisha kutokea na kuandikwa na wachunguzi.

Kwanza, wizi wa siri. Desemba 2021 kampuni ya Red Canary ya Marekani ilieleza juu ya virusi viitwavyo CryptBot, vilivyofichwa ndani ya KMSPico ya bandia. Mtu hupata Windows iliyofunguka kama alivyotaka, na wakati huo huo virusi hukusanya maneno ya siri yaliyohifadhiwa katika kompyuta yake na kuyapeleka kwa wezi. Wachunguzi hao wakasema pia kuwa wamekwisha kuona hata idara za kompyuta za makampuni zikitumia KMSPico badala ya leseni.

Pili, wizi wa fedha zinazopelekwa. Desemba 2025 polisi wa Korea ya Kusini walitangaza kuletwa kwa mtu mmoja wa Lithuania, aliyekamatwa katika nchi ya Georgia. Walimshutumu kuwa tangu Aprili 2020 hata Januari 2023 alieneza virusi vilivyojifanya KMSAuto, na kwamba nakala zake zilifika milioni 2.8 ulimwenguni. Kazi ya virusi hivyo ni kungoja mtu akopi anwani ya kupelekea sarafu za kidijitali. Hapo huibadili kwa siri ikawa anwani ya mwizi. Mwenye fedha huzituma kwa mkono wake mwenyewe, naye haoni kitu.

Tatu, kufungiwa mali kwa fidia. Virusi viitwavyo STOP, au Djvu, vilianza kuenea mwaka 2018, na njia yake kubwa ilikuwa kraki na viprogramu vya kutoa funguo za bandia. Vikiingia, hufunga picha na barua na hesabu zote zisisomeke, na huacha waraka wa kudai dola 980, au dola 490 kwa atakayewahi kabla ya saa 72. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa dawa ya bure kwa aina 148 za virusi hivyo; lakini aina zilizotengenezwa baadaye zilifungwa kwa ufundi mkubwa zaidi, na wengi walionaswa nazo hawakupata mali zao. Na hapa mtu afanye hesabu. Katika duka la Microsoft la Marekani, leseni ya Windows 11 Home imekuwa ikiuzwa kwa dola 139. Aliyeikimbia bei hiyo akaangukia fidia ya dola 980, amelipa mara saba, naye bado hana leseni. Ndiyo maana ya kauli ya wazee kuwa rahisi ni ghali.

Nne, madhara ya mmoja kuwafikia wengi. Mei 2021 kampuni ya Sophos ilieleza habari ya taasisi moja ya Ulaya iliyokuwa ikifanya utafiti juu ya ugonjwa wa Kovidi. Mwanafunzi mmoja aliyeshirikiana na taasisi hiyo alitaka programu ya kuchora takwimu, akaiona leseni yake ni ghali, akatafuta kraki. Kinga ya kompyuta yake ikamwonya, akaizima. Ile kraki ilikuwa mwizi wa siri, ikaiba jina lake na neno lake la siri la kuingilia katika taasisi. Baada ya siku 13 mtu asiyejulikana aliingia kwa jina lake. Siku 10 baadaye kompyuta za taasisi zikafungwa na virusi vya fidia viitwavyo Ryuk. Taasisi ilipoteza kazi ya utafiti ya juma zima, na vyombo vyake vikalazimika kujengwa upya. Mlango ulifunguliwa katika chumba cha mwanafunzi, na khasara ikawapata watu wasiokuwa na habari ya kraki yake.

FASILI YA 4: AMANA ZA WATU

Habari hiyo ya nne ndiyo iwapasayo sana wenye maduka ya steshenari. Kwani mtu akitia kraki katika kompyuta yake ya nyumbani, mali anayoihatarisha ni yake. Lakini mwenye duka huhatarisha mali ya watu waliomwamini.

Fikiri, ewe msomaji, yaliyomo katika kompyuta ya duka moja la mji mdogo kama Igawa. Zimo nakala za vyeti vya kuzaliwa na vya shule. Zimo namba za kitambulisho cha taifa. Yamo maombi ya kazi na ya mikopo ya chuo, pamoja na maneno ya siri ambayo mwombaji, kwa kutojua kompyuta, alimwachia mwenye duka amhifadhie. Zimo baruapepe za watu ambazo hazikufungwa walipoondoka. Na aghlabu flashi za wateja huingizwa humo na kutolewa, zikabeba virusi kuvipeleka shuleni, na zahanati, na ofisi ya kata.

Na lau virusi vitafunga kompyuta hiyo usiku wa mwisho wa kupeleka maombi, yule kijana aliyekuja kwa baiskeli kutoka shambani hatajua KMSPico ni nini. Yeye atajua tu kuwa mwaka wake umepotea. Aliyepewa amana na akaiweka mahali ambapo mlinzi amelazwa kwa makusudi, hawezi kusema kuwa hakuhusika.

Sheria ya nchi nayo imelitazama jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, yawataka wanaokusanya habari za watu wazilinde.

FASILI YA 5: SHERIA YA NCHI NA KAULI YA WANAVYUONI

Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, nayo huzilinda programu za kompyuta pamoja na vitabu na maandiko mengine. Msimamizi wake ni COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Tena Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 24, hukataza kutumia kompyuta kwa nia ya kuvunja haki hizi. Kama ilivyopitishwa mwaka huo, asiyefanya kwa biashara adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Na afanyaye kwa biashara, faini yake haipungui shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Basi fundi apokeaye shilingi elfu chache kwa kutia kraki, na azipime elfu hizo kwa mizani ya milioni 20.

Ama wanavyuoni, mas-ala haya hayakuwako kwa sura yake katika zama za kale, kwa kuwa programu hazikuwako. Lakini asili yake iko. Wanavyuoni wengi wa madhehebu, na Mashafii ambao ndio wengi katika pwani hii wamo, wamehesabu manfaa kuwa ni mali, wala hawakuishia kwenye kitu cha kushikwa tu. Kisha Desemba 1988, katika kikao cha 5 kilichofanyika Kuwait, Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu lilitoa azimio lake Na. 43. Liliamua kuwa jina la biashara, na alama yake, na utunzi, na uvumbuzi, ni haki za wenyewe. Kuwa desturi ya zama hizi imezipa thamani ya mali. Na kuwa haifai kuziingilia. Kwa hiyo, anayeshika dini hawezi kulitupa jambo hili kwa kusema kuwa ni sheria ya serikali tu.

FASILI YA 6: HOJA ZA WATU NA MAJAWABU YAKE

Hoja ya kwanza. Husema mtu: Kampuni ile ni tajiri, nayo iko mbali, haitapungukiwa. Jawabu yake: Utajiri wa mwenye mali hauhalalishi mali yake. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga ni tajiri kuliko jirani zake, na hakuna asemaye kuwa kwa hiyo pumba na mchele wake ni vya kila apitaye. Tena madhara yaliyotajwa katika fasili ya 3 hayakumpata yule tajiri wa mbali. Yalimpata mwenye kompyuta na majirani zake.

Hoja ya pili. Husema: Elimu haifai kuzuiwa, na programu ni elimu. Jawabu yake: Kujifunza namna programu zinavyoandikwa hakukuzuiwa, na vitabu vyake vimejaa, vingi vikiwa bure. Lililozuiwa ni kuchukua kazi ya mtu kinyume cha sharti lake. Na wako waandishi wengi wa programu ambao kwa hiari yao wameziachilia kazi zao kwa watu wote. Apendaye elimu iwe bure, na aende kwa hao.

Hoja ya tatu. Husema: Kila mtu anafanya. Jawabu yake: Si kweli. Uchunguzi wa chama cha makampuni ya programu, BSA, uliotolewa mwaka 2018, ulikadiria kuwa katika mwaka 2017 asilimia 37 ya programu zilizotiwa katika kompyuta ulimwenguni hazikuwa na leseni. Ni nyingi, walakini zilizo na leseni ni nyingi zaidi. Na hata lau wote wangefanya, wingi wa wakosaji haukugeuza kosa kuwa haki.

Hoja ya nne. Husema: Mimi ni maskini, nami nina haja. Hoja hii ndiyo yenye uzito, na mwenye kuisema hafai kudharauliwa. Jawabu yake ndiyo fasili ifuatayo.

FASILI YA 7: NJIA ZA HALALI

Njia ya kwanza: mtu atazame kwanza alicho nacho. Wengi hutiliwa kraki hali ya kuwa leseni wanayo. Kompyuta nyingi zilizouzwa na Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012 zina ufunguo uliotiwa kiwandani ndani ya chombo chenyewe. Mtu akipakua Windows bure kutoka ukurasa wa Microsoft wenyewe, na akaitia upya kwa daraja ile ile iliyokuja na chombo, aghlabu hujifungua yenyewe ikipata intaneti. Kosa la mafundi wengi ni kufuta Windows Home iliyolipiwa, wakatia Windows Pro kwa kraki. Basi anunuaye kompyuta iliyokwisha kutumika na aulize kabla ya kulipa: Ilikuja na Windows ya daraja gani? Na akitaka kujua kama iliyomo ina mdhamini wa uwongo, aandike katika dirisha la amri neno slmgr /xpr. Kompyuta ya mtu binafsi ikijibu kuwa hati yake itakwisha tarehe fulani, ndani ya siku 180, hiyo ni dalili ya kraki, kwani leseni ya kawaida ya mtu binafsi huwa ya daima.

Njia ya pili: programu huru. Hizi ni programu ambazo waandishi wake wamewaruhusu watu wote kuzitumia, kuzinakili, kuzigawa, na hata kuzirekebisha. Msomaji wa Kiislamu ataona kuwa zafanana na wakfu kwa namna fulani: mwenye mali ameiachilia kwa manfaa ya watu, na nyingi zina sharti kuwa atakayeirekebisha na kuigawa naye asiwafungie wengine.

Mkubwa wao ni Linux, iliyoanzwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, nayo hushika mahali pa Windows. Namna yake moja ni Ubuntu, iliyotolewa kwanza Oktoba 2004, na mwanzilishi wake ni Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini. Jina hilo ni la lugha za Kibantu za huko, na kila Mswahili atalifahamu, kwani ni lile lile neno utu. Kwa kompyuta kongwe ifaayo zaidi ni Linux Mint, ambayo hutosheka na kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni bora. Na mtu aweza kuijaribu kutoka katika flashi bila ya kufuta kitu. Jambo hili lina faida kubwa kwa wenye kompyuta za zamani, kwa kuwa Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 huduma yake ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwa kuandika na kufanya hesabu kuna LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010 kutokana na OpenOffice, nayo hukubali Windows na Linux pia. Hufungua nyaraka za Word, ingawa mara nyingine mpangilio husogea kidogo. Kwa hiyo cha kuchapwa na kigeuzwe PDF kwanza. Kwa picha kuna GIMP, na kwa michoro na mabango kuna Inkscape. Na kwa waalimu wa madrasa, LibreOffice huandika Kiarabu kutoka kulia, na khati ya Amiri, iliyotengenezwa na Khaled Hosny wa Misri kwa kufuata herufi za matbaa ya Bulaq ya Cairo, hupatikana bure na kwa halali.

Wala mtu asiseme kuwa hayo ni ya wageni. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, nayo ni OpenOffice iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa wenye programu walikwisha kutoa ruhusa. Hakuna kraki iliyopata kuipa lugha hii zawadi ya namna hiyo.

Njia ya tatu: zitolewazo bure na makampuni yenyewe. Microsoft ina Word ya kutumika ndani ya intaneti bila ya malipo kwa mwenye akaunti, na Google ina Google Docs. Shule zilizokubaliwa na Microsoft hupewa daraja la kwanza la huduma zake za elimu bila ya malipo. Upungufu wa njia hii ni kuwa yahitaji bando.

Njia ya nne: kununua. Ambaye kazi yake haifanyiki illa kwa programu ya kulipiwa, na ainunue kwa mwenyewe au kwa wakala wake, na bei yake aiingize katika hesabu ya duka kama aingizavyo wino na umeme. Na ajihadhari na funguo zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kikombe cha chai. Ufunguo wa namna hiyo aghlabu ni wa kampuni fulani, umetolewa nje bila ya ruhusa, na waweza kufutwa siku yoyote.

Ni kweli kuwa programu mpya zina taabu ya kujifunza, na ziko programu za Windows zisizokubali Linux. Basi mwenye duka achunguze kwanza kazi zake zote. Mtu aanze kwa LibreOffice ndani ya Windows yake, aizoee mwezi mmoja au miwili, ndipo aende mbele. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

FASILI YA 8: AFANYEJE ALIYEKWISHA KUTIA KRAKI

Kuifuta kraki peke yake hakutoshi, kwani virusi ilivyovileta vyaweza kubaki. Na afuate utaratibu huu.

1. Aitoe kompyuta katika intaneti.

2. Anakili nyaraka na picha zake tu katika chombo cha nje. Asinakili programu yoyote, wala kraki, wala mafaili ya kutilia programu.

3. Aifute kompyuta yote, atie upya Windows ya leseni yake au Linux, kutoka kwa wenyewe.

4. Kabla ya kurudisha nyaraka, azikague kwa antivairasi iliyo hai, mathalani Defender iliyomo katika Windows.

5. Abadili maneno yote ya siri ya baruapepe, benki, na maombi ya wateja, akitumia simu au kompyuta nyingine iliyo safi.

6. Wateja ambao siri zao zilikuwamo awaambie wabadili zao. Neno hili ni zito ulimini, lakini kuficha ni kuongeza khiyana juu ya uzembe.

7. Tangu hapo awe na nakala ya pili ya kazi zake katika chombo kisichokaa kimechomekwa, ili virusi vikija visiikute.

KHATIMA

Muhtasari wa somo ni huu. Kraki ni muhuri wa bandia, na kwa kuugonga mtu humlaza mlinzi wake na kumpa asiyemjua funguo zote. Bei aliyoikwepa hurudi juu yake au juu ya wale waliomwekea amana. Sheria ya nchi imekataza, wanavyuoni wamebainisha, na haja iliyokuwa udhuru imepata njia zisizohitaji shilingi moja ya leseni. Mwenye duka apendaye riziki yake iwe safi, na watu wa mji wake walale salama, na aanze kwa kuitazama kompyuta moja aliyo nayo leo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ni ipi tofauti ya kununua programu na kununua leseni?

2. Kwa nini kraki hutaka kinga ya kompyuta izimwe kwanza?

3. Mwanafunzi wa taasisi ya Ulaya alifanya makosa mangapi, na ni nani waliopata khasara?

4. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kimetofautishaje afanyaye kwa biashara na asiyefanya kwa biashara?

5. Utamjibuje asemaye kuwa mwenye programu ni tajiri, hatapungukiwa?

6. Taja programu huru tatu na kazi ya kila moja katika duka la steshenari.